Kabla Hujakimbilia Dukani: Kukagua Mboga na Maua Yanayougua Kwenye Shamba la Familia

Mtu anaingia duka la pembejeo ameshika jani moja lililokauka. "Kaka, naomba dawa ya nyanya." Muda si mrefu anatoka na chupa. Hakuna aliyemuuliza mizizi ikoje, maji yanatokea shamba la nani, wala msimu uliopita palipandwa nini. Wiki mbili baadaye nyanya zimekwisha, pesa imekwisha, na udongo umebaki na tatizo lile lile.

Mwongozo huu ni wa familia zenye robo eka hadi eka moja au mbili, zinazolima mboga na kuweka matuta machache ya maua ya kuuza, hasa kwenye miinuko kama Lushoto, Meru na Kilimanjaro, ambako ukungu wa masika na baridi ya Juni na Julai vina mambo yake. Kila dalili inaanza na sababu inayoonekana mara nyingi, kisha zile za nadra. Vifaa vya ukaguzi ni jembe dogo, kisu kikali, glasi ya maji safi, karatasi nyeupe na jiki kidogo ya kusafishia kisu. Kagua mara mbili: alfajiri kabla jua halijapanda, na tena saa nane mchana. Mmea huwa na sura tofauti nyakati hizo mbili, na tofauti hiyo ndiyo itakayokupa nusu ya jibu.

MICHE INALALA KITALUNI

Angalia shingo ya mche pale inapogusana na udongo. Ikiwa imekuwa nyembamba, laini na ya kahawia kama iliyobanwa, hicho ni kinyausi. Huletwa na vimelea vya ukungu vinavyopenda unyevu, na mara nyingi mwenye kitalu ndiye anayevilisha: mbegu zimerundikana, maji yanamwagwa jioni, kichanja kimeshuka chini mno na hewa haipiti. Punguza miche, mwagilia asubuhi tu, inua kichanja, na acha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Miche iliyokwishalala haiponi. Ing'oe pamoja na udongo unaoizunguka.

Ikiwa mche umekatwa kama kwa mkasi na umelala kando ya kisiki chake, huyo ni kiwavi aitwaye sota. Fukua kwa kidole sentimita mbili tatu kuuzunguka. Utamkuta amejikunja, mnene, rangi ya majivu. Muue. Ukihamishia miche shambani, zungushia kila mmoja kipande cha karatasi ngumu au jani la mgomba kilichozama kidogo ardhini.

Ikiwa kinyausi kinarudi kila msimu, kitalu chenyewe kina tatizo. Hamisha. Au lowesha udongo, ufunike kwa nailoni angavu iliyobanwa pembeni, uuache juani wiki nne hadi sita wakati wa kiangazi. Katika baridi ya Lushoto mwezi wa saba njia hii haina nguvu, kwa hiyo usipoteze nailoni.

NYANYA, HOHO AU BILINGANYA INANYAUKA

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa zaidi.

Kwanza kabisa, maji. Mmea unaolegea saa nane mchana na kusimama wima alfajiri mara nyingi una kiu tu, au mizizi yake ni mifupi kwa sababu unamwagiliwa kidogo kidogo kila siku. Chimba karibu na shina kina cha kiganja. Ukikuta vumbi chini ya sentimita tano, mwagilia kwa kina mara chache zaidi na weka matandazo. Ukikuta tope linalonuka, mizizi inakosa hewa. Chimba mtaro wa kutolea maji. Mmea uliozama na mmea wenye kiu huonekana sawa juu ya ardhi, na wengi humwagilia ule uliokwishazama.

Maji yakiwa sawa, ng'oa mmea mmoja mgonjwa kwa jembe, usiuvute kwa mkono, kwa sababu mizizi midogo itabaki ardhini na ndiyo unayotaka kuiona. Suuza. Vinundu vilivyovimba ndani ya mizizi kama shanga ni minyoo fundo. Usivichanganye na vinundu vya maharage: vile vimekaa pembeni ya mzizi, hutoka ukivisukuma kwa kidole na ndani vina rangi ya waridi, navyo ni neema. Minyoo fundo haimalizwi kwa msimu mmoja. Panda vitunguu mahali hapo, au panda marejea, mmea ambao Wabenediktini wa Peramiho waliusambaza sana kwa ajili ya kurutubisha udongo. Au panda yale maua madogo ya marigodi yenye harufu kali, yakiwa yamebanana, yaache miezi miwili hadi mitatu kisha yalimie chini. Anayelima mboga na maua ana bahati hapa: marigodi yanauzika wakati yanafanya kazi. Mbegu nazo zina la kusema. Herufi N kwenye pakiti ya mbegu ya nyanya huonyesha ustahimilivu kwa minyoo fundo, na F kwa mnyauko wa fuzari.

Mizizi ikiwa safi, kata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia, ncha iliyokatwa ikigusa maji, na usiitikise glasi. Shika glasi mbele ya kitu cheusi. Ndani ya dakika tatu hadi tano, kama uzi mweupe wa maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Mmea wenye ugonjwa huu kwa kawaida hunyauka ukiwa bado wa kijani, ghafla, na siku chache baadaye umekufa.

Kama uzi hautoki, pasua shina kwa urefu. Mistari ya kahawia chini ya ganda, pamoja na majani ya chini yaliyogeuka njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, inaonyesha fuzari. Ugonjwa huu huenda polepole. Msimu ujao tumia mbegu stahimilivu na usipande jamii ya nyanya hapo.

Sasa onyo. Ukiuona uzi ule mweupe, simama. Hakuna dawa ya kupuliza inayoponya mnyauko bakteria, na yeyote anayekuuzia anakuibia. Ng'oa mmea na majirani zake wawili kila upande, vitoe shambani kwenye mfuko, vichome. Visiende kwenye mboji wala mferejini. Osha jembe, viatu na kisu kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tisa. Kama unamwagilia kwa mfereji, zuia maji ya tuta lile yasiende matuta mengine, na mwambie jirani wa chini yako siku hiyo hiyo hata kama hamwelewani, maana bakteria watamfikia kabla ya salamu. Mahali hapo pasipandwe nyanya, viazi mviringo, hoho, bilinganya, nyanya chungu wala mnavu kwa miaka mitatu au zaidi. Panda mahindi, vitunguu, kabichi. Mnavu unaoota wenyewe ung'olewe pia. Ukikuta zaidi ya mimea michache, mwite bwana shamba au bibi shamba wa kata kabla hujagusa kingine. Wale ambao shamba lao lote limeingiwa waulizie TARI Tengeru (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) au kituo cha World Vegetable Center kilichopo Arusha kuhusu nyanya zinazopandikizwa juu ya shina la bilinganya sugu. Ni kazi ya mikono na inahitaji kufundishwa, lakini inarudisha nyanya kwenye udongo ulioshindikana.

MAJANI YA NYANYA YANA MICHIRIZI AU MABAKA

Lishike jani juani. Mahali jani limebaki ngozi tupu kama dirisha, na ndani kuna kiwavi mdogo pamoja na vichembe vyeusi vya kinyesi, ni kantangaze. Nondo huyu alitoka Amerika Kusini, akaonekana Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 alikuwa amefika Tanzania. Wakulima wengi walipuliza dawa za aina moja juma baada ya juma, naye akazizoea. Kinachosaidia zaidi kwa shamba dogo ni usafi: chuma majani na matunda yaliyotobolewa, yafunge kwenye mfuko mweusi, uache juani siku kadhaa. Ukiyatupa pembeni ya shamba umemfugia. Tumia chambo cha harufu ya nondo jike juu ya beseni la maji ya sabuni. Funika kitalu kwa chandarua. Baada ya mavuno ya mwisho, ng'oa mabua wiki hiyo hiyo. Shamba la nyanya lililoachwa lisimame ndilo linaloambukiza kijiji.

Michirizi myembamba inayopinda pinda kama maandishi, isiyo na dirisha pana, ni ya inzi mdogo anayeishi ndani ya jani. Mmea mkubwa humvumilia. Chuma majani ya chini, endelea na kazi.

Mabaka makavu yenye duara ndani ya duara kwenye majani ya zamani ni bakajani tangulia. Ondoa majani ya chini, weka matandazo ili matone yasirushe udongo juu. Mabaka meusi yenye majimaji yanayoenea kwa siku mbili tatu, na chini ya jani asubuhi kuna unyoya mweupe, ni bakajani chelewa. Huyu ni wa ukungu na mvua, na hukimbia. Dawa za kopa (madini ya shaba) huzuia jani ambalo halijaingiwa. Jani lililokwishaingiwa haziliponyi. Kwa hiyo hupulizwa hali ya hewa ikigeuka, kabla ya mabaka, na kwa kiasi, kwa sababu kopa hubaki kwenye udongo. Kama nusu ya shamba imeshaliwa, okoa matunda magumu yaliyo safi, ng'oa mengine.

Sababu moja watu hawaifikirii: majani ya juu yamekunjamana, membamba, yamesokotwa kama kamba, ingawa hakuna mdudu. Uliza bomba la kupulizia lilipiga dawa gani mara ya mwisho. Dawa ya magugu ya 2,4-D ya kwenye mahindi, hata mabaki kidogo ndani ya bomba au upepo kutoka kwa jirani, huisokota nyanya hivyo hivyo. Weka bomba la magugu peke yake, ulipake rangi nyekundu, lisiazimwe kwa kazi nyingine. Kama majani yamejikunja juu kama kikombe, yana njano pembeni, na ukitikisa mmea inzi weupe wanaruka, hicho ni kirusi. Ng'oa mapema.

KITAKO CHA NYANYA KIMEKUWA CHEUSI

Baka jeusi, kavu, lililobonyea chini ya tunda, na mmea wenyewe una afya. Hakuna kijidudu hapa. Kalsiamu haikufika kwenye tunda, na karibu kila mara ni kwa sababu maji yalikuja kwa kushtukiza: siku nne ukame, siku ya tano mafuriko. Sababu ya pili ni mbolea nyingi ya kukuzia inayoufanya mmea ukimbilie majani. Ya tatu, palizi ya kina iliyokata mizizi. Udongo wenye asidi nyingi ni wa mwisho, na huo hupimwa kabla ya kuwekewa chokaa. Sawazisha maji, weka matandazo ya sentimita tano hadi kumi yakiwa mbali kidogo na shina, chuma matunda yaliyoharibika. Sehemu nzima ya tunda hilo inalika. Kata kitako, pika.

MBOGA ZA MAJANI ZIMEDUMAA NA NI NJANO

Njano ikianzia majani ya zamani, mmea una njaa ya naitrojeni. Ikianzia majani machanga huku mishipa ikibaki kijani, ni upungufu wa madini ya chuma, na mara nyingi udongo umejaa maji au una chokaa nyingi.

Lakini njaa ya naitrojeni kwenye shamba lililowekwa mboji hushangaza watu. Hapo mshitakiwa ni mboji yenyewe: ilikuwa haijaiva, au ilijaa maranda na mabua makavu, kwa hiyo vijidudu vya udongo vinakula naitrojeni kwanza na mchicha unasubiri. Kuipima, chomeka kijiti kirefu katikati ya lundo, kiache dakika kumi, kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, lundo bado linafanya kazi. Kikiwa cha baridi na kikavu, ongeza maji. Kiganja cha mboji ukikikamua kitoe tone moja au mawili. Baridi na unyevu, changanya na samadi au majani mabichi. Harufu kali ya mkojo maana yake mabichi yamezidi, weka makavu. Harufu ya mayai viza maana yake hewa hakuna, geuza. Mboji iliyoiva hunuka kama msitu baada ya mvua na huwezi tena kutambua kilichoingia.

Kwa tiba ya haraka, loweka majani ya tughutu wa Usambara, au ya alizeti mwitu yanayoota kando ya barabara, kwenye pipa kwa wiki mbili, chuja, punguza kwa maji mara mbili au tatu, mwaga shinani. Onyo juu ya samadi: samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba vimelea vya tumbo. Mboga zinazoliwa mbichi na zinazogusa udongo zisivunwe kabla ya miezi minne tangu samadi mbichi kuwekwa.

KABICHI, CHAINIZI NA SUKUMA VIMETOBOLEWA

Matundu madogo kama madirisha na viwavi vidogo vya kijani vinavyojirusha na kuning'inia kwa uzi ukivigusa: nondo mgongo almasi. Chini ya jani kukiwa na kundi la kijivu lenye unga, ni vidukari. Vidukari hupungua ukipiga maji ya sabuni, na vyote viwili hupungua ukipiga mwarobaini wa mbegu, gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, zilale usiku mmoja, zichujwe kwa kitambaa.

DAWA NIMEPIGA, WADUDU WAKO PALE PALE

Mara nyingi ilipigwa juu ya jani na wadudu wako chini. Au ilipigwa saa sita, na mwarobaini huharibiwa na jua haraka. Piga jioni, ambapo hata nyuki wameshalala. Au ni dawa ile ile ya kundi lile lile tangu mwaka jana, imekwishazoeleka. Mwisho, huenda ni feki au imeisha muda: nunua iliyofungwa, yenye lebo ya Kiswahili na namba ya usajili, na ukitilia shaka uliza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Anayeuza kwa alama ya Kilimohai, yaani ya mazao ya kilimo hai, athibitishe kwanza kama kitu hicho kinaruhusiwa.

Usichanganye dawa mbili tatu kwenye bomba moja kwa kukisia. Kwenye mboga usipige chochote chenye ukanda mwekundu kwenye lebo, hiyo ni sumu kali. Hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna, hata kama dalali yuko barabarani na gari linaunguruma. Dawa za miti nazo si maji ya kunywa: utupa unaua samaki, kwa hiyo ndoo yake isisuuzwe mtoni.

Na mtu akipiga dawa kisha akaanza kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, kutetemeka au kuona kiza, acha kila kitu. Mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa. Mpeleke hospitali pamoja na chupa au lebo yake. Daktari anahitaji kulisoma jina la sumu.

WARIDI LIMEINAMISHA SHINGO, MAUA HAYADUMU

Kwa mnunuzi wa maua ya harusi, waridi lenye shingo iliyovunjika ni takataka, na mara nyingi linaokoleka. Sababu ya kawaida ni kiputo cha hewa au uchafu ulioziba shina. Zamisha ncha ndani ya maji na uikate humo humo sentimita mbili au tatu kwa mshazari. Viringisha maua kwenye gazeti yakiwa yamenyooka, yasimamishe kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu kwa saa moja au mbili kivulini. Yakisimama, yako salama. Yasiposimama, yalikatwa machanga mno, shingo ikiwa haijakomaa, na hakuna la kufanya.

Ndoo ndiyo adui wa pili. Ukiingiza kidole ukahisi utelezi, bakteria wameshajaa. Isugue, isuuze kwa jiki, ondoa majani yote yatakayozama. Kata maua alfajiri, na uende na ndoo ya maji shambani. Gladiola hukatwa vitumba viwili vya chini vikionyesha rangi. Alizeti, petali zikianza tu kuinuka.

Petali zenye kingo za kahawia: zitikise juu ya karatasi nyeupe. Vijiti vidogo vinavyokimbia ni vithiripi. Kata maua yote yaliyochanua yatoke shambani, weka mitego ya rangi ya buluu yenye gundi. Unga mweupe kwenye majani ya waridi ni ubwiri unga, unaopenda mchana mkavu na usiku wa baridi. Pogoa hewa ipite, piga kijiko kidogo cha soda ya kuokea (baking soda) kwa lita moja ya maji na sabuni kidogo, ukijaribu kwanza kwenye jani moja.

Uvimbe mgumu kama koliflawa kwenye shingo ya mwaridi, pale unapoingia ardhini, hauna tiba. Usiukate kwa mkasi unaotumia kwenye mimea mingine. Ng'oa mwaridi wote na mizizi yake, uchome, na mche wa kuziba nafasi uutoe kitalu kingine na uupande mahali pengine.